Mazoezi ya Msiba

Baba alitaka kujua nani atamlia.
Basi Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri,
akalala chali sebuleni kwetu Raskazone,
akavuta shuka mpaka juu ya utosi,
akatoa mkono kidogo kuniashiria: washa.

Kamera ya mkanda nilipewa mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano, sauti inakwaruza,
na katika nyumba ile kila mwenye umri huo
alipewa kitu cha kushika ili asishike mengine.

Shehe aliitwa, akakataa.
Alisema kifo hakina mazoezi,
akala biriani, akafungiwa na nyingine ya nyumbani.

Akaanza mama.
Mama alilia vizuri mno,
kwa mpangilio, machozi hayakugusa wanja.
Shuka likasema: "Rudia.
Umelia kama unayemsindikiza mgeni."
Mara ya pili mama akalia kweli.
Sikujua kwa nini, wala sikuuliza;
nilisogeza lenzi karibu, kama nilivyoelekezwa.

Kaka Twahiri aliingia na miwani ya jua.
Akapiga magoti, akashika mguu wa marehemu,
akauliza kwa huzuni kubwa
kadi za malori zimewekwa wapi.
Kidole gumba cha baba kikakunjika.

Shangazi Mwanashehe alizimia kabla ya zamu yake,
akaangukia kochi, si sakafu,
akafumbua jicho moja kuuliza
kama ameonekana uso wote.

Nasra hakulia.
Alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo
ambalo nyumba nzima tulikuwa tumekubaliana ni gesi,
akasema, "Akifa kweli mniite,"
akapanda baiskeli ya mlinzi, akashika njia ya Ngamiani.

Wenzetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi hatukuziba, hatukujenga.
Sisi tulikuwa na tanuri Pongwe.
Tulipaka chokaa.
Chokaa juu ya deni la benki,
chokaa juu ya mke wa Muheza,
chokaa juu ya Shekiondo, kibarua aliyetumbukia tanurini,
ambaye jina lake lilitajwa mezani mara moja tu
na baba akaomba chumvi.

Miezi saba baadaye akafa bila kutuita,
bafuni, taulo begani, bomba likiendelea kumwaga maji.
Tukamlaza palepale sebuleni.
Watu wa Chumbageni wakaja, wa Mabawa wakaja,
nasi tukakaa tunamtazama
kama watu waliokwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Mama alikohoa.
Twahiri alikikodolea macho kile kidole gumba.
Shangazi akainama, akanong'ona: "Basi, kaka, tumeona."
Kila mmoja aliogopa kulia vibaya akaambiwa arudie.

Aliyelia ni Nasra.
Aliingia na gesi yake mgongoni, ina nywele tele na jina la babu,
akalia kamasi zinatoka, sauti ya bata,
khanga imemvuka, mtoto naye akapokea,
na hakuna aliyethubutu kusema wanapatia au wanakosea.

Siku hiyo sikuwasha kamera.
Lakini usiku niliutafuta mkanda wa Jumamosi ile.
Kuna kipande mwishoni nilisahau kuzima:
watu wote wamekwenda kula,
sebule tupu, feni, shuka jeupe.

Shuka linatikisika.
Dakika nne nzima linatikisika.
Nimeongeza sauti mpaka mwisho
nipate kujua ni kicheko au ni kile kingine;
nasikia sahani, nasikia kunguru,
nasikia Twahiri akiomba pilipili.

Kisha mkono unatoka,
unapapasa hewani, unaashiria: zima.
Unangoja.
Unaashiria tena.

Nilikuwa jikoni. Nilikuwa nakula.